Kutoka Ndarugu hadi Malindi: Jinsi Mito Yetu Inavyobadilisha Ufuo wa Bahari

Mkaazi wa Ruiru au Thika anaposikia habari za ufuo wa bahari, huenda akafikiria likizo ya Desemba na safari ya treni kwenda Mombasa. Sisi tunaishi takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Thika hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 400 hata ndege akikata moja kwa moja. Hata hivyo, kila mvua kubwa inaponyesha Gatundu, Juja au Githurai na mito ikageuka rangi ya matofali, sehemu ya udongo wa kaunti yetu huwa imeanza safari ya kuelekea huko.

Makala haya yanaeleza jinsi ufuo wa Kenya ulivyoumbwa kwa mamilioni ya miaka, jinsi unavyoendelea kubadilika, na kwa nini mambo tunayofanya kando ya mito yetu yana mchango katika mabadiliko hayo. Mwishoni tumeweka hatua ambazo mwenye shamba, mwenye ploti au mjenzi anaweza kuchukua kabla ya mvua kuanza.

Maji yetu yana njia mbili

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Nairobi kwenda Thika, unavuka Mto Ruiru, kisha Mto Ndarugu baada ya Juja, na mwishowe Mto Chania na Mto Thika. Mahali fulani kati ya daraja la Ndarugu na daraja la Chania, unavuka mpaka usio na kibao wala ua. Upande mmoja wa mpaka huo maji ya mvua huteremka kuelekea Mto Athi. Upande wa pili huteremka kuelekea Mto Tana.

Ruiru, Kamiti na Ndarugu humwaga maji yake katika Athi, ambao hupita kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Kilimambogo na kuingia Ukambani. Mto huo ukifika Tsavo unaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Unaingia baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi.

Chania na Thika hukutana katika mji wa Thika, kisha maji yake huelekea bwawa la Masinga na Mto Tana. Tana hupita Garissa na Hola na kuingia katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Kwa hivyo shamba moja la Thika na jingine la Juja, ingawa yako umbali wa kilomita chache tu, huenda yanapeleka udongo wao katika fuo mbili tofauti.

Kabla hapajakuwa na bahari

Wengi wetu tumekanyaga ushahidi wa historia ndefu ya Pwani bila kutambua. Yale mawe bapa ya Mazeras yanayotandazwa uani na kubandikwa kwenye kuta za nyumba yalikuwa mchanga uliowekwa na mito takriban miaka milioni 200 iliyopita. Wakati huo Mazeras haikuwa karibu na bahari yoyote. Afrika ilikuwa imeshikana na Madagaska, India na nchi nyingine katika bara moja kubwa. Ndani ya mawe ya aina hiyo hupatikana hata magogo ya miti yaliyogeuka kuwa jiwe.

Kati ya miaka milioni 170 na 160 iliyopita, bara hilo lilianza kupasuka na Madagaska ikaanza kujitenga nasi. Bahari ikaingia katika ufa huo. Huko Kambe, bara ya Mombasa, kuna mawe ya chokaa ya kipindi hicho yenye mabaki ya viumbe wa baharini, ingawa leo mahali hapo ni nchi kavu yenye vilima. Huo ndio mwanzo wa pwani tunayoijua.

Tangu hapo ufuo haujawahi kutulia mahali pamoja. Mambo matatu yameusogeza mbele na nyuma: ardhi kuinuka au kudidimia, maji ya bahari kupanda au kushuka, na mito kuleta mchanga na udongo kutoka bara.

Bahari ilipopanda na iliposhuka

Dunia imepitia vipindi virefu vya baridi na vya joto. Wakati wa baridi kali, maji mengi hugandishwa kuwa barafu juu ya mabara ya kaskazini na kusini, na kina cha bahari hushuka. Joto linaporudi, barafu huyeyuka na bahari hupanda.

Takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko sasa, na bahari ilikuwa juu kwa mita 6 hadi 9 kuliko leo. Matumbawe yalistawi mahali ambapo sasa ni nchi kavu. Bahari iliposhuka, miamba hiyo ya matumbawe ilibaki nje. Ndiyo majabali ya kijivu yenye ncha kali unayoyaona Mombasa, Diani, Watamu na Malindi. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, waliijenga juu ya mwamba wa aina hiyo na kwa mawe yake. Kuanzia miaka ya 1950, kiwanda cha Bamburi kimechimba mawe hayo hayo kutengeneza saruji. Nyumba nyingi za bara zina sehemu ya bahari ya kale ndani ya kuta zake.

Takriban miaka 20,000 iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kimeungana na bara, lakini Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kirefu sana, ilibaki kisiwa. Katika Ghuba ya Ungwana, ambako sakafu ya bahari ina kina kifupi kwa umbali mrefu, ufuo ulikuwa mbali zaidi upande wa mashariki. Mito ya Pwani ilichimba mabonde marefu ili kuifikia bahari iliyokuwa imerudi nyuma.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kuyajaza mabonde hayo. Hivyo ndivyo ghuba nyembamba za Tudor, Mtwapa, Kilifi na Kilindini zilivyotokea. Jina Kilindini lenyewe linatokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Meli zinazoleta mizigo yetu zinatia nanga katika mabonde ya mito yaliyozama. Kufikia takriban miaka 6,000 iliyopita, bahari ilikuwa imekaribia kiwango tulichokizoea.

Njia ya mto yenye umri wa miaka milioni 13

Mchango wa eneo letu katika hadithi hii unaonekana wazi ukisimama Kilimambogo na kutazama mashariki. Karibu na hapo ndipo kunapoanzia uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni ukanda mwembamba wa mawe ya volkano unaoenea kwa takriban kilomita 300 hadi Tsavo.

Takriban miaka milioni 13 iliyopita, lava ilitiririka kutoka nyanda za juu za upande wetu. Kama maji, lava hufuata mahali palipo chini, na hii ilifuata bonde la mto lililokuwa likielekea kusini-mashariki. Ilipopoa iligeuka jiwe gumu. Ardhi iliyokuwa pande zote mbili ilikuwa laini zaidi, na kwa mamilioni ya miaka mvua na mito viliila. Leo sehemu iliyokuwa bonde ndiyo iliyo juu, na Mto Athi unapita chini kando yake.

Yatta inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kuteremka kwa maji kutoka nyanda zetu kuelekea Pwani si jambo la juzi. Pili, ardhi yote iliyoondolewa kuzunguka uwanda huo ilienda mahali fulani. Mingi ilifikishwa baharini au kuachwa njiani karibu na bahari. Udongo mwekundu wa Magarini, kaskazini mwa Malindi, ni mchanga wa kale uliowekwa Pwani zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Huko Marafa mvua imeuchonga kuwa korongo la ajabu ambalo wenyeji huliita Nyari.

Mto unapofika baharini

Mto wenye kasi hubeba mzigo wa aina tatu. Mawe hubiringika chini. Mchanga huruka hatua kwa hatua, hutulia kiangazi kwenye kingo za mto na kuendelea mafuriko yajayo. Udongo laini wa mfinyanzi, kama ule mwekundu wa mashamba yetu ya kahawa na chai, huelea ndani ya maji na unaweza kusafiri mbali bila kutua.

Kwa sababu hiyo ufuo wa Malindi na Mambrui haufanani na wa Diani au Watamu. Mchanga mweupe wa Diani ni vipande vya matumbawe na makombe. Mchanga wa Mambrui ni wa kahawia na unametameta, na mahali pengine una mistari myeusi yenye chembe za madini ya chuma. Umeletwa na Sabaki, hasa kutoka kwa mawe ya kale ya Ukambani na Tsavo. Upepo huuokota ufuoni na kuurundika kuwa vilima vya mchanga.

Udongo laini hauishii ufuoni. Mto unapofurika, maji ya rangi ya chai ya maziwa huenea baharini kwa kilomita nyingi. Wakati wa kusi, upepo na mikondo huyasukuma kaskazini. Wakati wa kaskazi huyasukuma kusini, kuelekea Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968. Matumbawe ni viumbe hai vinavyohitaji mwangaza wa jua. Maji yakiwa na tope jingi kwa muda mrefu, mwangaza hupungua, na udongo unaotua juu yake huyasonga. Samaki wanaozaliana kwenye miamba hiyo hupungua pia, na mvuvi wa Malindi ndiye anayehisi kwanza.

Tumbawe lililoweka kumbukumbu

Tunajuaje kwamba udongo huo umeongezeka? Tumbawe kubwa hukua kila mwaka na kuacha pete, kama mti. Katika Malindi wanasayansi walitoboa tumbawe na kupata kumbukumbu ya takriban miaka 300, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Walipima bariamu, madini yanayokuja yakiwa yameshikamana na udongo wa mtoni na kuachiliwa yanapokutana na maji ya chumvi. Bariamu ikiwa nyingi katika pete ya mwaka fulani, mto ulileta udongo mwingi mwaka huo.

Matokeo yalikuwa wazi. Kati ya mwaka 1700 na 1900, kiasi cha udongo kutoka Sabaki kilikuwa karibu sawa, mwaka baada ya mwaka. Kuanzia 1900 kilianza kupanda bila kurudi chini. Kilele kilifika kati ya 1974 na 1980, ambapo udongo ulikuwa mara 5 hadi 10 ya kiwango cha kawaida. Wanasayansi hao walitaja ongezeko la watu, ukataji wa misitu, matumizi ya ardhi yasiyodhibitiwa, na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliofuatwa na mvua juu ya ardhi tupu.

Mwaka 1900 si tarehe ngeni kwetu. Ni katika miaka iliyofuata ndipo mashamba makubwa ya walowezi yalipofunguliwa kati ya Ruiru na Thika, misitu ikafyekwa, na familia nyingi zikasukumwa kwenye ardhi ndogo yenye miteremko. Bonde la Athi ni kubwa, na udongo unaofika Malindi hutoka pia Machakos, Makueni, Kitui na kwingineko. Lakini vyanzo vyake viko huku juu, na sehemu yetu imo ndani ya pete za tumbawe lile.

Upande mmoja umezidi, upande mwingine umepungua

Katika Ghuba ya Malindi ufuo umesogea kuelekea baharini tangu nusu ya pili ya karne ya 20. Majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yana uwanja mpana wa mchanga mbele yake. Kwa kawaida mabadiliko makubwa ya ufuo huhesabiwa kwa maelfu ya miaka. Haya yameonekana na mtu mmoja katika maisha yake.

Upande wa Tana hali ni tofauti. Mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yalijengwa kati ya 1968 na 1988. Maji yanapotulia ndani ya bwawa, udongo hutua chini. Udongo unaotoka kwenye miteremko ya Thika na Chania kwa hiyo huishia kwa kiasi kikubwa ndani ya Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na kupunguza nafasi ya kuhifadhi maji ya umeme na ya nyumbani. Ufuo ulio mbele hupata mchanga mchache kuliko zamani. Huko Kipini, wakaazi wameona bahari ikila ufuo wao.

Mto Tana wenyewe umewahi kubadilishwa njia na mikono ya watu. Katika karne ya 19 mfereji ulichimbwa huko Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na baadaye sehemu kubwa ya mto ikafuata mfereji huo hadi Kipini.

Pwani inahitaji udongo kutoka bara. Bila huo delta ya Tana isingekuwepo, wala mikoko inayoota juu ya tope lake. Tatizo ni kiasi na kasi. Tope likizidi, matumbawe hufa. Mchanga ukikosekana, mawimbi hula nchi kavu. Juu ya hayo yote, kiwango cha bahari duniani kilipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yake inaongezeka. Ufuo uliodhoofika hauna kinga mbele ya bahari inayopanda.

Hasara ya kwanza iko hapa nyumbani

Kabla udongo haujamfikia mvuvi wa Malindi, umeshamtoka mkulima wa Gatundu. Sentimita moja ya udongo wa juu huchukua zaidi ya miaka 100 kujengeka, na mvua ya saa moja kwenye mteremko uliolimwa bila kinga inaweza kuuondoa. Mbolea uliyoinunua huenda na udongo huo. Katika mji wa Ruiru, udongo wa maeneo ya ujenzi huziba mitaro na kuleta mafuriko mitaani. Wakati wa masika ya mwaka 2024 mabwawa ya Tana yalijaa hadi kumwaga, na wakaazi wa Garissa na Tana River wakafurikiwa. Mvua hatuwezi kuizuia, ila tunaweza kupunguza kasi ya maji yanayotoka kwetu na udongo yanaoubeba.

Haya ndiyo yanayowezekana kwa kila mmoja:

- Mwenye shamba la mteremko: chimba makinga maji ya fanya juu kufuata usawa wa mteremko, si kutoka juu kwenda chini. Panda nyasi za nepia kwenye tuta, ili zishike udongo na pia zilishe ng'ombe. Kwa miaka mingi kanuni za kilimo nchini zimekataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Hapo panda miti au nyasi za kudumu.

- Aliye kando ya mto: acha ukanda wa mto bila kulima wala kujenga. Kanuni za maji za Kenya hupima ukanda huo kulingana na upana wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Panda mianzi na miti ya kienyeji. Mikaratusi isipandwe ukingoni kwa kuwa hunywa maji mengi.

- Mjenzi: usimwage udongo wa msingi barabarani au kwenye mtaro. Urundike mbali na njia ya maji, uufunike, na uutumie au uuondoe kabla ya mvua ya Machi na ile ya Oktoba.

- Mwenye nyumba au kanisa lenye paa kubwa la mabati: weka mifereji ya paa na tangi. Maji yanayovunwa hayachimbi korongo kwa jirani, na kiangazi yatakufaa.

- Mwenye timbo la mawe au mchanga: jaza mashimo yaliyokwisha kuchimbwa na upande nyasi juu yake. Usichimbe ukingo wa mto.

Mkulima anayetaka kupimiwa usawa wa makinga maji anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake. Ukiona mtu akijaza ukingo wa mto kwa udongo au takataka, ripoti kwa chifu au kwa ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo.

Mvua ndefu huanza Machi. Makinga maji yaliyochimbwa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, huwa yameshatulia kufikia wakati huo, na nyasi zilizopandwa kwenye tuta huota na mvua za kwanza.